Kamba ya Mguuni

Maji niliyokua nayo yalikuwa na kipimo. Yalikuja lita 20 kwa wakati mmoja, ndani ya mtungi wa manjano uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, na yalikuja siku yalipojisikia. Mtaani kwetu Eastlands mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku wa manane, na mama alikuwa akilala huku sikio moja liko macho. Mfereji ulipokohoa, sote tuliamka na ndoo. Ya kuoga yalikuwa nusu karai. Ya kuosha vyombo yalimalizia safari chooni. Hakukuwa na maji ya kutosha kumzamisha mtu, hata kama angetaka.

Ndiyo maana maji mengi, maji yaliyokaa tu bila mwenyewe, tuliyashuku.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na kware. Walichimba hapo mawe ya kujengea ploti zetu wenyewe, wakamaliza, wakaenda, shimo likabaki. Mwaka wa 2006, mvua za mwisho wa mwaka zilipozidi, shimo lilijaa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, mazuri kwa macho. Wavulana wakaanza kwenda huko baada ya shule. Mmoja wao alikuwa akikaa dawati moja nami, darasa la tatu. Alikuwa na tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu mpaka kinakuwa bapa kama ulimi. Jumatatu moja dawati lilikuwa langu peke yangu.

Mama hakunipeleka kuangalia. Lakini yeye alienda, kwa sababu mama wote wa ploti walienda, na aliporudi alikuwa amejifunga leso mbili kiunoni na hakusema neno mpaka uji ukaungua. Halafu akatuita, mimi na kaka yangu, akatupa sheria moja. Hakupiga kelele. Alisema: "Maji yakipita magoti, hayo si yako."

Sheria hiyo ilinifuata kila mahali. Darasa la saba shule ilitupeleka Mombasa, tukashushwa kwenye ufuo wa umma ambapo watu hukodisha tyubu za matairi kama maboya. Nina picha ya siku hiyo. Wenzangu wote ni vichwa tu juu ya maji, meno nje. Mimi nimesimama ukingoni, nimekunja suruali vizuri sana, maji yamefika kwenye vifundo, natabasamu kama mtu anayesubiri matatu.

Nikiwa mtu mzima nimeona kwamba hofu ya mama haikuwa ya kijinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 29. Eneo la Afrika ndilo lenye kiwango cha juu zaidi. Wengi wao hawakuwa likizoni. Walikuwa mtoni, kisimani, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, kwenye shimo kama lile letu. Kumfundisha mtoto kuogelea Nairobi kunahitaji bwawa, na bwawa lina geti, na geti lina mtu wa kukata tikiti. Kumfundisha mtoto kuogopa hakuna tikiti. Mama alinunua kile alichoweza.

*

Wikendi yenyewe ilipangwa kama wikendi zote za Nairobi: grupu ya WhatsApp ya watu tisa, emoji za mnazi kila mahali, na kufikia Alhamisi watu watatu tu ndio walikuwa wametuma pesa. Mimi, binamu yangu, na mwenzake wa kazini. Mwezi ulikuwa wa nane. Mpango ulikuwa Malindi: kula, kulala, kupiga picha, kurudi. Halafu binamu yangu akatuma video ya dada mmoja mweusi amesimama juu ya ubao, wimbi linamsukuma kuelekea ufukweni, mikono imetanuka kama kunguru anayetua. Chini yake akaandika: "Manze, si tujaribu hii?"

Ningesema hapana papo hapo, kama si kitu kimoja. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelipia masomo ya kuogelea, Jumamosi sita, kwenye bwawa la hoteli moja kando ya Thika Road. Nilisoma na watoto wa miaka saba walioniita "anti" na kunipita wote. Kufikia Jumamosi ya sita nilikuwa navuka bwawa kwa upana, mara moja, bila kugusa chini. Mama alipouliza harufu ya klorini inatoka wapi, nilimweleza yote: kuna mwalimu, kuna watoto, nikisimama maji yananifika kifuani. Alifikiri kidogo kisha akasema, "Sawa. Bwawa lina ukuta."

Hilo neno lilikaa nami. Bwawa lina ukuta. Bahari je?

Nilimwambia tunaenda Malindi. Akauliza kama tutaingia majini. Nikasema huenda. Akasema, "Magoti," basi, kama mtu anayekukumbusha kubeba sweta. Sikuahidi kitu, na yeye hakudai ahadi.

Msusi wangu ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi. Nilikuwa nimesuka wiki hiyo, nyuzi ndogondogo, shilingi 3,500 na makalio yaliyokufa ganzi. Aliposikia mawimbi na chumvi aliweka kitana chini. "Kwa hivyo unaenda kuosha pesa yangu baharini?" Ukitaka kujua kwa nini wanawake wengi tunaokaa mjini hatuogelei, anza na hofu, endelea na tikiti, lakini usisahau kichwa.

Tulipanda basi la usiku Ijumaa. Ni kilomita kama 600, na nilikaa dirishani. Hata hatujazoea viti, basi likavuka Mto Athi. Saa kadhaa baadaye, kabla ya Voi, nikaona kwenye taa za malori daraja la Tsavo. Sikuyawazia sana madaraja hayo. Nilikuwa nawaza ukuta.

*

Malindi asubuhi inanuka mahamri na moshi wa kuni. Tulikula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja kando ya barabara mpaka tukanyamaza. Wataliano wameishi mji huu miaka mingi, kiasi kwamba kijana wa kwanza wa ufukweni aliyetuona alitamka "ciao" kwa mazoea, kisha akatuangalia vizuri, akacheka: "Aa, nyinyi watu wa bara. Karibuni."

Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne hivi, lakini akiwa na bodi kwapani sikuona namna ya kumwita ila "mwalimu". Yeye aliniita "dadangu" tangu mwanzo mpaka mwisho. Bei ilikuwa shilingi 2,000 kwa kila mtu, saa moja na nusu, bodi ndani yake. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. "Wajua kuogelea?"

"Upana wa bwawa," nikasema.

"Yatosha. Hatutatoka mahali pa kusimama."

Nilimuuliza kwa nini Malindi. Sehemu nyingi za pwani yetu bahari ni kama sahani. Diani nimekaa siku tatu sijaona wimbi linalofika kiunoni. Akaonyesha kusini, kule mnara wa Vasco da Gama unakosimama juu ya mwamba wake, kisha akapeleka mkono polepole hadi kaskazini. Pwani ya Kenya, akasema, imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa yakija kutoka bahari kuu yanavunjikia huko nje, na kinachofika ufukweni ni mabaki. Lakini matumbawe ni kiumbe hai na yanataka maji safi ya chumvi. Penye mto mkubwa unaomwaga tope na maji baridi hayakui. Hapa kaskazini ya mji unaingia Mto Sabaki. Kwa hiyo mwamba umekatika, mlango uko wazi, na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi yaliyozaliwa na pepo za mbali kusini yanaingia hadi mchangani.

"Na huo mto," akasema, "watoka kwenu."

Nilidhani ni mzaha wa watu wa bara. Si mzaha. Sabaki ni Galana, na Galana ni Athi uliopokea maji ya Tsavo. Ni mto mmoja wenye majina matatu, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Na Mto Nairobi, ule unaopita chini ya madaraja yetu ukiwa mweusi, umebeba kila kitu tulichokataa, unaingia Athi. Usiku kucha basi letu lilikuwa limefuata njia ya maji hayo bila mimi kujua.

Niliangalia bahari upya. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchanga ulimetameta kama mtu amemwaga glita. Yale maji ya vyombo mama aliyomwaga miaka yote hiyo, hayakuishia chooni. Yalitangulia kufika hapa kabla yangu.

*

Somo linaanzia nchi kavu. Unalala kifudifudi juu ya bodi. Ya wanaoanza ni ndefu, zaidi ya futi nane, laini kama godoro la mkeka wa mazoezi. Viganja unaviweka karibu na mbavu. Mwalimu akisema simama, unasukuma, unaleta miguu chini yako kwa mkupuo mmoja, unasimama kiubavu, magoti yamekunjika, macho mbele.

"Usitizame miguu," alisema. "Miguu yajua ilipo. Ukitizama chini, chini ndiko utakakokwenda."

Ili kujua mguu upi unakaa mbele, alimwambia binamu yangu anisukume kidogo mgongoni. Mguu wa kushoto ulitangulia kunidaka. Basi wa kulia ndio wa nyuma, na wa nyuma ndio unaofungwa.

Kamba yenyewe ni nene kama ya kuanikia nguo, ya plastiki inayovutika kidogo. Upande mmoja imefungwa kwenye mkia wa bodi, upande mwingine ina mkanda wa kunata unaozunguka kifundo cha mguu. Mwalimu alipiga magoti mchangani, akaufunga wangu, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

Na hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimesoma wiki hiyo, maana mimi ni mtu wa kusoma kabla ya kuogopa. Watu husema mchezo wa kupanda mawimbi ulitoka Hawaii, na ni kweli huko ndiko ulikokuwa wa wafalme na raia, na ndiko alikotoka Duke Kahanamoku, muogeleaji aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 1912, kisha akautembeza mchezo wa kwao duniani. Olimpiki yenyewe ilichelewa kuupokea, hadi ile michezo ya Tokyo 2020 iliyofanyika 2021. Lakini kuna habari ya zamani zaidi. Miaka ya 1640, Mjerumani aitwaye Michael Hemmersam alikuwa kwenye pwani ya nchi tunayoiita leo Ghana. Aliandika kwamba wazazi wa huko waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini. Yeye aliona ni namna ya kuwafundisha kuogelea. Mwanahistoria Kevin Dawson, aliyechunguza maisha ya Waafrika majini, anaisoma habari hiyo kama moja ya maandishi ya kwanza kabisa kuhusu kupanda mawimbi, zaidi ya miaka 100 kabla ya meli za James Cook kufika Hawaii mwaka wa 1778.

Niliposoma hayo nyumbani niliona ukatili. Mzazi gani anamfunga mtoto ubaoni halafu anamtupa? Nikiwa nimesimama pale, kifundo kimebanwa, niliona kitu kingine. Niliona mzazi anayejua kwamba bahari iko hapo, haitahama, na mtoto lazima ataifikia siku moja. Kwa hiyo anamfunga kwanza. Anakagua fundo. Anavuta mara mbili.

*

Maji yalipofika magotini nilisimama.

Hakuna aliyeniambia nisimame. Binamu yangu alikuwa tayari mbele, anapiga kelele kila povu likimgonga tumboni. Mimi nilihisi mstari ule pale pale chini ya goti, kama mtu amenichora na kalamu. Miaka kumi na tisa. Kila wimbi dogo lilipanda juu ya mstari, likashuka, likapanda.

Mwalimu alirudi. "Waogopa nini, dadangu?"

Watu huuliza swali hilo kama kwamba jibu ni aibu. Yeye aliuliza kama fundi wa gari anayetaka kujua sauti inatoka upande gani. Nikamwambia: "Kuzama. Kuna mtoto nilisoma naye."

Hakusema pole haraka haraka. Alinyamaza, akaacha wimbi moja lipite. Kisha akasema, "Bodi hii haizami hata ukiketi juu yake wewe na mimi na ng'ombe. Kamba imekushika. Bodi haiendi bila wewe, wewe huendi bila bodi. Maji yakikuvuta upande, usipigane nayo. Lala juu ya bodi, inua mkono, nitakuja. Na nikikwambia leo basi, ni basi." Alifikiria tena. "Wataka kurudi, twarudi. Hapana deni."

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini wahenga hawakuwa wamesimama hapo. Aliyekuwa amesimama hapo aliniambia naweza kurudi, na nadhani ni kwa sababu hiyo niliweza kuendelea. Nikainua mguu. Maji yakafika pajani, kiunoni, kifuani. Hayakuwa baridi.

Nikalala juu ya bodi, uso kuelekea nchi kavu. Mwalimu alishika mkia na kuangalia nyuma yangu. Kungoja wimbi usiloliona ni kama kungoja matokeo ya mtihani: unajua linakuja kwa sura ya mtu mwingine. "Hili laja... hapana, liache. Hili. Piga maji, piga, piga! Simama!"

Nilifika magotini tu. Bodi ikaenda kushoto, mimi kulia, na bahari ikafunga mlango.

Ndani ya wimbi ni kama ndani ya mashine ya kufua. Ni kelele na povu na chumvi inayopanda puani hadi nyuma ya macho. Sikujua juu ni wapi. Nilifungua macho nikaona rangi ya chai pande zote. Mkono mmoja uligusa mchanga, mwingine haukugusa kitu. Hicho ndicho kitu nilichokiota tangu darasa la tatu, na niliwahi kukiota kwa undani kuliko kilivyokuwa.

Halafu kamba ikavuta.

Ilinivuta kifundo, si kwa nguvu, kama mtoto anayekuvuta nguo sokoni. Bodi haizami, kwa hivyo bodi ilikuwa juu, na upande kamba ilikovuta ndio ulikuwa juu. Nikageuka kuufuata. Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Nilikohoa, nikatema, nikatoa suka mdomoni. Nilianza kucheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Baharini hakuna anayejua tofauti. Nilimlilia mtoto wa kalamu. Alikuwa na miaka tisa, maji yalikuwa ya kijani na yametulia, na hakukuwa na kitu chochote cha kumwambia juu ni wapi. Hakuzidiwa ujinga na mimi. Alikosa kamba tu, na mtu wa kuifunga.

"Umekunywa?" mwalimu aliuliza.

"Kidogo."

"Haya. Chumvi ni dawa. Tena?"

Tena. Wimbi halivunjiki kwa sababu limechoka. Linavunjika kwa sababu kina kimepungua: miguu yake inagusa mchanga na kupunguza mwendo, kichwa kinaendelea mbele, linaanguka kama mtu aliyejikwaa kwenye ngazi. Mwanafunzi anapanda lile lililokwisha kuanguka, povu tupu, na bado linamshinda. Mara ya pili nilianguka kabla ya kusukuma. Ya nne, niliangalia miguu, na kweli chini ndiko nilikokwenda. Ya sita, bodi ilinipiga kidevuni. Ya saba nilipumzika, nikamtazama mwenzake binamu yangu, ambaye kazini ni mtu wa mahesabu na hajawahi kuinua sauti, akisimama na kupiga yowe la harusini.

Ya kumi na moja, sijui nilifanya nini tofauti. Nilisikia "simama" na nikasimama, kama unavyosimama kwenye matatu ukiona umefika kituo chako. Kwa muda wa sekunde tatu, labda nne, hakukuwa na kelele. Bodi ilitetemeka chini ya nyayo. Mbele niliona minazi, tuktuk ikipita, mtoto akibeba galoni, vyote vikija kwangu bila mimi kuvifuata. Halafu mchanga ukashika, nikashuka mbio hatua mbili, nikaanguka kwa mikono.

Maji yalikuwa ya vifundo. Kama kwenye picha ya Mombasa, ila safari hii nilikuwa natoka upande wa pili.

*

Baadaye tulikaa chini ya mvinje tukinywa madafu. Mwalimu alituambia yeye alijifunzia kwenye ubao wa ngalawa mbovu, amelala kwa tumbo, na marafiki wanne waliopokezana. Bodi ya kweli ya kwanza aliipata kwa mgeni aliyeirudi kwao na mizigo mingi. Nikasema lazima nyumbani kwao wote ni samaki.

Akatikisa kichwa. "Wanaume, ndiyo. Dadangu mkubwa aijua bahari kunishinda. Maji yakipwa, yeye yuko mwambani, ajua kila tundu la pweza. Lakini yakianza kujaa, yakifika hapa" — akagusa paja — "hurudi. Mamangu vilevile. Amezaliwa hapa, ameona bahari kila siku ya maisha yake. Hajawahi kuweka kichwa ndani."

Nilikuwa nimedhani hofu hii ni ya bara, kitu tulichobeba kwenye basi pamoja na sweta zetu. Kumbe mstari wa mama yangu uko hadi Malindi, umepanda kidogo tu. Wanawake wanaishi mbele ya bahari na bahari inawalisha, ila kuicheza ni kwa wavulana na wageni. Hakuna sheria iliyoandikwa. Kuna kazi za nyumbani, kuna nguo zinazolowa na macho yanayotazama, kuna nywele, na kuna ukweli kwamba hakuna aliyewahi kupiga magoti mchangani kuwafunga kamba.

Nimesikia watu wa mjini wakisema kwamba ukishinda hofu moja unashinda zote. Sijui. Mimi bado naogopa kware. Nikipita karibu na shimo lenye maji ya mvua, hata leo, navuka barabara, na nitawafundisha watoto wangu kuvuka. Sikutoka Malindi nikiamini kwamba mama alikosea. Sheria yake ilikuwa kamba pia. Ilikuwa fupi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na ilinishika miaka yote mpaka nikafika mahali ambapo kulikuwa na ndefu zaidi. Kitu pekee nilichobadilisha ni hiki: mtoto wa kaka yangu ana miaka sita, na Jumamosi zangu za Thika Road sasa ni zake. Tikiti ni yangu. Wiki iliyopita alipiga mbizi akarudi na sarafu ya shilingi kumi, akadai ni mshahara.

Jumapili jioni, tukisubiri basi, nilimpigia mama. Nyuma yake nilisikia taarifa ya habari na sufuria.

"Mmefika salama? Mliingia majini?"

"Niliingia. Nilipanda mawimbi, mama. Unasimama juu ya ubao."

Sufuria ilinyamaza. "Yalikufika wapi?"

"Kifuani."

Kimya. Nilingoja. Nilimsikia akipunguza sauti ya runinga.

"Na ukianguka kwa huo ubao?"

"Unafungwa kamba mguuni. Ubao hauzami, kwa hivyo kamba inakuonyesha juu ni wapi."

"Nani aliifunga?"

"Mwalimu. Aliivuta mara mbili."

"Mara mbili," akasema, taratibu, kama mtu anayeandika. Kisha kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Nilijua anamfikiria nani, na yeye alijua najua, na hakuna kati yetu aliyemtaja.

"Hayo maji," akauliza mwishowe, "ni baridi?"

"Si baridi, mama. Ni kama mtu ameyapasha kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

"Hm," akasema. Na hakukata simu.